Muscat Mwezi wa Saba: Mgeni Aishije na Hari

Julai ni mwezi ambao Mombasa na Unguja hupumua. Kusi inavuma, usiku watu wanajifunika shuka, na mchana kipimajoto hakipandi sana zaidi ya nyuzi 28. Nairobi, Arusha na Bukavu ni masweta asubuhi. Katika majira hayo hayo kijana aliyepata viza ya kazi anapanda ndege, anakaa angani saa tano hivi, kisha anashuka Muscat usiku wa manane kwenye hewa ya nyuzi 32 iliyojaa mvuke wa bahari. Miwani inaingia ukungu papo hapo. Mwili wake bado uko kwenye kipupwe, na keshokutwa anatarajiwa kazini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na kwa jamaa zake watakaokuwa wakimpigia simu kumuuliza hali. Mji uliochaguliwa ni Muscat kwa kuwa ndio mji wa Arabuni ambao Mswahili anaweza kuingia dukani na kujibiwa kwa Kiswahili, lakini mengi yaliyomo yanamfaa pia aliyeko Dubai, Doha, Kuwait au Riyadh.

Kuna kejeli ndani ya safari hiyo ya Julai. Upepo uleule wa kusi unaoipoza pwani ya Afrika Mashariki huendelea kaskazini, huvuka ikweta ukipita kando ya Somalia, na kuishia kwenye milima ya Dhofar, kusini kabisa mwa Oman. Huko unaleta ukungu, manyunyu na majani mabichi. Waomani huyaita majira hayo khareef. Muscat iko kaskazini, upande wa pili wa jangwa, na haionji hata tone la neema hiyo.

Mtu wa pwani huamini kwamba joto analijua. Ni kweli analijua, ila la kwao. Mombasa ikichemka mwezi Machi hufika nyuzi 33, na usiku hushuka hadi 24 au 25. Muscat mwezi Juni wastani wa mchana ni kama nyuzi 40, na wa usiku ni kama 30. Tofauti ya mchana inaonekana kwa macho. Ya usiku haionekani, nayo ndiyo inayoumiza, kwa sababu usiku ndio wakati ambao moyo hupunguza kazi na mwili hulipa deni la mchana. Usiku usiposhuka, deni linahamia siku ya pili, kisha ya tatu. Wanaohudumia wagonjwa wa joto wanajua kwamba wengi hawaanguki siku ya kwanza ya wimbi la joto. Huanguka baada ya siku kadhaa za kulala vibaya.

Quriyat, mji mdogo wa wavuvi ulioko mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Muscat, uliingia kwenye vitabu vya kumbukumbu tarehe 26 Juni 2018: katika saa 24 nzima hewa haikushuka chini ya nyuzi 42.6. Hicho kilikuwa kipimo cha chini cha siku hiyo, alfajiri ikiwemo. Mbona huko? Milima ya Hajar imesimama nyuma tu ya pwani, na upepo unaoteremka kutoka milimani hujibana na kuzidi kupata moto kadiri unavyoshuka. Muscat yenyewe imebanwa na majabali meusi yanayonyonya jua mchana kutwa na kulirudisha usiku kucha. Hili si jambo jipya. Abdurrazzaq wa Samarkand, mjumbe wa mfalme Shah Rukh wa Herat, alipita Muscat mwaka 1442 akielekea India, na akaacha malalamiko marefu kuhusu joto la bandari hiyo.

Kiangazi cha Muscat kina sura mbili, na kila moja ina hila yake. Mei na Juni ndiyo miezi ya moto hasa. Upepo wa magharibi, wenyewe huuita gharbi, hushuka kutoka bara ukiwa mkavu. Midomo inapasuka, macho yanawasha, na kipimajoto kinaweza kupita 45. Jasho lipo, ila linakauka kabla halijaonekana, kwa hiyo mtu anadhani hatoki jasho na anasahau kunywa maji. Kisha Julai na Agosti upepo wa bahari unashika hatamu. Kipimajoto kinashuka kidogo, hadi 36 au 38, na wageni hufurahi bure. Sasa hewa imeshiba mvuke na jasho linatiririka hadi kwenye soksi. Jasho linalotiririka halipozi. Kinachopoza ni jasho kukauka juu ya ngozi, na hewa iliyoshiba hailiruhusu kukauka.

Ndiyo maana namba ya kuangalia kwenye simu asubuhi si ya joto pekee. Programu nyingi za hali ya hewa huonyesha pia kiwango cha umande, yaani kipimo cha mvuke ulio hewani. Dar es Salaam mwezi Machi huwa nyuzi 24 au 25, na kila mtu analalamika. Kikifika 28 au zaidi, kazi ya nguvu nje ya nyumba inakuwa hatari hata kwenye kivuli, hata saa mbili asubuhi. Dhahran, mji wa mafuta wa Saudia ulio kando ya Ghuba, ulipima nyuzi 35 za umande tarehe 8 Julai 2003. Wataalamu walizoea kusema kwamba binadamu huvumilia hadi nyuzi 35 kwenye kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, kipimo kingine kinachojumlisha joto na mvuke. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba hata vijana wenye afya huanza kushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31.

Sasa jambo lenyewe, ambalo kama msomaji atasahau mengine yote alishike hili: hatari kubwa iko kwenye wiki mbili za kwanza. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, imechunguza vifo vya wafanyakazi wa nje vilivyosababishwa na joto, ikaona kwamba nusu au zaidi hutokea katika siku chache za mwanzo. Si kwamba wageni ni dhaifu. Mwili unahitaji muda wa kujipanga upya: damu inaongezeka maji, moyo unapunguza mapigo kwa kazi ileile, jasho linaanza mapema zaidi, linatoka kwa wingi zaidi na linapoteza chumvi kidogo zaidi. Kazi hiyo huchukua siku 7 hadi 14, na hakuna sindano wala kinywaji cha kuiharakisha.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni nyepesi kukumbuka. Mfanyakazi mpya afanye kazi ya kwenye joto kwa asilimia 20 ya muda siku ya kwanza, kisha aongeze asilimia 20 kila siku. Kwa zamu ya saa nane, siku ya kwanza ni saa moja na nusu hivi kwenye jua. Muda uliobaki apewe kazi ya ndani au ya kivulini. Mwajiri mwenye akili atakubali, kwa sababu mtu aliyeanguka ana gharama. Kwa mwajiri asiyekubali, mgeni atumie ujanja mdogo: aanze na kazi nyepesi, avute pumzi kivulini kila baada ya dakika chache, na asikubali kushindana na mwenyeji aliyezoea miaka sita. Vijana wengi huponzwa na aibu ya kuonekana wavivu siku ya kwanza, ilhali mwenyeji huyo naye aliwahi kuwa mgeni.

Kukaa kwenye kiyoyozi siku 14 hakumzoeshi mtu chochote. Mwili hujifunza kwa kukutana na joto, kama saa mbili kwa siku, kwa kazi ya wastani. Mlinzi anayepangiwa kibanda chenye kiyoyozi mwezi mzima, kisha ghafla akahamishiwa getini kwenye jua, ni mgeni upya.

Watoto, wazee, wajawazito, wanene na wenye kisukari au presha wanahitaji tahadhari zaidi. Baadhi ya dawa zinaongeza hatari: za presha zinazoongeza mkojo, baadhi ya dawa za mafua na mzio, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Hakuna anayeambiwa aache dawa yake. Aulize daktari kabla ya safari, na aulize mahsusi kuhusu joto. Insulini ikiachwa ndani ya gari huharibika, na mtumiaji hatajua mpaka sukari ipande.

Maji, basi. Ushauri wa kunywa maji mengi umezoeleka mno hata hauna maana tena, kwa hiyo vipimo ni hivi. Anayefanya kazi kwenye joto anywe bilauri moja, mililita 250, kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji matupu yakizidi huipunguza chumvi ya damu, na dalili zake, kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, zinafanana na za joto lenyewe. Anayetoka jasho saa nyingi arudishe na chumvi pia. Chakula cha kawaida hutosha kwa wengi. Kwa wengine zipo pakiti za ORS kwenye kila duka la dawa, au maji ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa. Wenyeji wana dawa yao nzuri zaidi kwa ladha, nayo ni laban, mtindi mwepesi wenye chumvi unaouzwa baridi kila duka. Wenye presha waende taratibu na chumvi.

Mkojo ndio kipimo cha bure. Ukiwa wa njano hafifu, mambo ni mazuri. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au mtu akikaa tangu asubuhi hadi alasiri bila kwenda haja ndogo, figo zinalia. Madaktari wa Nepal, nchi inayopeleka vijana wengi sana Arabuni, wamekuwa wakipokea wanaume wa umri wa miaka ya ishirini na thelathini waliorudi nyumbani na figo zilizoharibika. Hapa wanawake wana tatizo lao ambalo halisemwi sana: wengi hawanywi maji kwa kuwa kazini hakuna choo cha karibu wanachoruhusiwa kutumia. Suala la choo liulizwe siku ya kwanza, pamoja na suala la mshahara. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwa bei ya chini kwenye maduka ya vibarua haviongezi maji mwilini kama vinavyotangazwa. Vinaupiga moyo mbio tu.

Saa za mji zenyewe ni somo. Ofisi nyingi za serikali Muscat hufungua mapema, saa moja na nusu, na kufunga saa nane na nusu mchana. Maduka mengi ya mitaani hufunga adhuhuri na kufungua tena saa kumi, halafu yanaendelea hadi saa nne usiku. Soko la Mutrah huchangamka jua likishazama, na ufukwe wa Qurum hujaa watu usiku. Mgeni anayetaka kununua laini ya simu saa nane mchana atakuta vyuma vimeshushwa. Heri ajifunze kulala kidogo adhuhuri kama wenyeji.

Sheria nayo iko upande wa saa. Oman inakataza kazi za ujenzi na nyingine za mahali wazi kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, tangu Juni 1 mpaka Agosti 31. Falme za Kiarabu wanazuia kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa, tangu Juni 15 mpaka Septemba 15, na kampuni inayokiuka hutozwa dirham 5,000 kwa kila mfanyakazi. Saudia ni saa sita hadi saa tisa, Kuwait saa tano hadi saa kumi. Qatar wameenda mbali zaidi: tangu mwaka 2021 kazi za nje husimama kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni 1 hadi Septemba 15, na zaidi ya hapo kazi husimamishwa saa yoyote ile ikiwa kipimo kinachojumlisha joto, mvuke, jua na upepo kimepita 32.1. Hiyo ya Qatar ndiyo iliyofikiriwa vizuri, kwa sababu saa ya ukutani haijui kama hewa ina mvuke. Asubuhi ya Agosti yenye unyevu inaweza kumwangusha mtu kabla muda wa katazo haujaanza.

Lakini sheria hizo ziliandikwa zikimfikiria fundi wa ujenzi. Mfanyakazi wa nyumbani, ambaye ndiye Mswahili wa kawaida katika miji hii siku hizi, hana mkaguzi atakayebisha hodi. Kazi zake za hatari ni tatu: kuanika na kuanua nguo juu ya paa, kuosha gari uani, na kupika jikoni ambako kiyoyozi hakifiki. Mbili za kwanza zinahamishika kwa urahisi kwenda alfajiri au magharibi, na mara nyingi mwenye nyumba hajali nguo zimeanikwa saa ngapi mradi zimekauka. Kwenye nyuzi 42 shuka hukauka kwa muda mfupi tu. Katika nyumba ambayo bibi mzee amezaliwa Unguja, sentensi moja ya adabu inatosha: “Shikamoo bibi, nguo za juu nitaanua jua likipoa.” Na jibu kwa kawaida halitakuwa gumu: “Marahaba mwanangu, usijiunguze.” Kabla ya kusaini mkataba, aliyeko nyumbani aulize chumba cha kulala kina kiyoyozi au hakina. Likionekana swali la anasa, basi anayelisikia hivyo hajawahi kulala Muscat mwezi wa Juni.

Kiyoyozi chenyewe kina adabu zake. Kukiweka nyuzi 16 hakupozi chumba haraka zaidi. Mashine hufanya kazi kwa kasi ileile na kuendelea tu muda mrefu, bili ikipanda. Nyuzi 24 hadi 26 zinatosha kulalia. Vichujio vyake viondolewe na kuoshwa kila baada ya wiki mbili wakati wa vumbi, maana kichujio kilichoziba huua mashine katikati ya Juni, wakati ambao mafundi hawapatikani. Madirisha yanayopigwa na jua la alasiri yazibwe kwa pazia zito au karatasi ya aluminiamu upande wa nje au kwenye kioo, kama wanavyofanya vibarua wenyeji. Kuhusu feni: inasaidia sana hewa ikiwa chini ya nyuzi 35 hivi, lakini Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hewa ikipita 40 feni humpulizia mtu joto na kuzidi kumkausha. Umeme ukikatika kwenye joto kama hilo, kilichobaki ni maji: khanga au shuka lililoloweshwa na kukamuliwa, miguu ndani ya beseni, na ikiwezekana kwenda kukaa kwenye duka kubwa au msikitini mpaka umeme urudi.

Mgeni atashangazwa na bomba. Matangi ya maji yako juu ya paa, kwa hiyo wakati wa kiangazi bomba la maji baridi hutoa maji ya moto, mengine ya kuunguza. Wenyeji huzima hita ya maji tangu Mei. Tangi la hita liko ndani ya nyumba, maji yake yanapoa, na bomba la maji moto ndilo linalogeuka kuwa la maji baridi. Mtoto asimwagiwe maji ya bomba kabla mkono wa mtu mzima haujayapima.

Zamani watu wa pwani ya Oman hawakuwa na mashine, ila walikuwa na akili ya majira. Wenye uwezo walihama mji kiangazi kwenda kwenye mashamba ya mitende, ambako tende zilikuwa zinaiva, wakakaa kwenye vibanda vya makuti ya mtende vinavyopitisha upepo, na usiku walilala juu ya mapaa. Dubai walikuwa na minara ya kudaka upepo juu ya nyumba, na michache imehifadhiwa mtaa wa Al Fahidi. Nyumba ya zege yenye vioo vikubwa haiwezi kuishi hata nusu siku bila umeme, na hilo ni jambo la kufikiriwa na wanaojenga Dar es Salaam leo.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Pamba, mapana, ya kufunika mikono na shingo. Jua la jangwani huunguza ngozi nyeusi pia. Kanzu ya Kiomani na kilemba chake vina kazi halisi. Wenye kuvaa buibui jeusi mara nyingi huulizwa kama haliwaunguzi, na jibu lipo: mwaka 1980 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya majoho ya Mabedui, wakaona kwamba joho jeusi pana hupata moto zaidi juu yake, lakini joto hilo huchukuliwa na hewa inayopita chini ya vazi, na ngozi hupata kiasi kilekile kama ya aliyevaa jeupe. Sharti ni upana. Buibui la kubana, la kitambaa cha plastiki, ni habari nyingine.

Gari lililoegeshwa juani ni tanuri, na hapo hakuna utani: ndani ya dakika 10 joto hupanda kama nyuzi 10 juu ya lile la nje, na kufungua kioo kidogo hakusaidii. Mtoto huchemka haraka kuliko mtu mzima. Asiachwe hata kwa dakika ya kununua mkate. Viberiti vya gesi, manukato ya kopo na betri za kuchajia simu visibaki kwenye dashibodi. Matairi yapimwe upepo asubuhi yakiwa baridi, na ya zamani yabadilishwe kabla ya safari ndefu, kwa sababu lami yenye moto hupasua tairi kuukuu kwa mwendo kasi. Anayetoka nje ya mji abebe maji ya kunywa ya kumtosha kwa siku nzima, na gari likiharibika abaki nalo, akae kwenye kivuli chake, asianze kutembea kutafuta msaada.

Mahujaji nao walifunzwa hatari ya kutembea juani kwa gharama kubwa. Juni 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301 vya mahujaji. Zaidi ya nne kwa tano ya marehemu hawakuwa na vibali, kwa hiyo walitembea masafa marefu juani bila hema, basi wala mahali pa kupumzika.

Na kiangazi cha Oman si jua tu. Alasiri za Julai na Agosti mawingu hujijenga ghafla juu ya milima ya Hajar, mvua ikanyesha huko, na wadi, yaani mkondo mkavu, iliyoko kilomita nyingi chini ikajaa maji chini ya anga safi. Kuvuka kwa gari wadi inayotiririka ni kosa kisheria, na huua kila mwaka. Vimbunga pia hupitia humu: Gonu, cha Juni 2007, kiliua karibu watu 50 nchini Oman na kuharibu barabara na mabomba ya maji ya Muscat.

Sasa ikiwa mtu amezidiwa. Kuna hatua mbili, na kuzitofautisha ndiko kunakookoa. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu: jasho jingi, kizunguzungu, misuli kukaza, kichwa kuuma, kichefuchefu, ila akili bado iko sawa. Huyu alazwe kivulini au kwenye kiyoyozi, miguu iinuliwe, nguo zilegezwe, apewe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Siku hiyo asirudi kazini hata akisema amepona.

Hatua ya pili ni kiharusi cha joto, na alama yake ni akili. Anaongea ovyo, anapepesuka kama mlevi, anakuwa mkali bila sababu, anadegedega au anazimia. Mwili umepita nyuzi 40 na ubongo unaiva. Watu wengi wanangoja ngozi iwe kavu ndipo waamini; ni kosa, kwani aliyekuwa akifanya kazi anaweza kuwa ameloa jasho chapachapa. Piga 9999 kwa Oman, 998 kwa Falme za Kiarabu, 997 kwa Saudia, 999 kwa Qatar, 112 kwa Kuwait. Kisha usikae kusubiri gari la wagonjwa. Mpoze hapo hapo alipo, kwa maana dakika 30 za kwanza ndizo zinazoamua: mvue nguo za juu, mzamishe hadi shingoni kwenye pipa au beseni kubwa la maji baridi huku mtu akimshikilia kichwa, au kama hakuna, mmwagie maji mfululizo mwili mzima na kumpepea kwa nguvu, barafu iwekwe shingoni, makwapani na kwenye kinena. Aibu ya kumvua mtu nguo isimpotezee maisha. Khanga moja iliyoloweshwa inasitiri na kupoza kwa pamoja. Asinyweshwe kitu ikiwa hana fahamu. Panadoli hazifai hapa, kwani joto hili si la homa. Aliyepona apelekwe hospitali hata hivyo, maana figo na ini huweza kuanza kufeli saa kadhaa baadaye.

Anayepata siku za mapumziko ana mahali pa kukimbilia. Jebel Akhdar, karibu saa mbili na nusu kutoka Muscat, ina uwanda ulioko mita 2,000 juu ya bahari, ambako Juni hucheza kwenye nyuzi 30 na usiku mtu hulala bila kiyoyozi; polisi walioko Birkat al Mouz, mlima unapoanzia, hawaruhusu kupanda ila gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Salalah na khareef yake ni kilomita 1,000 hivi kwa barabara, basi huondoka kila siku, na Mswahili akifika huko atakuta minazi, mipapai na migomba ndani ya manyunyu ya ile ile kusi.

Akirudi kutoka likizo ya nyumbani, hesabu inaanza tena. Wiki moja tu kwenye ubaridi inatosha kuondoa sehemu kubwa ya mazoea ya mwili, na baada ya mwezi mmoja karibu yote yameisha. Mzoefu anayerejea huanza na nusu ya kazi yake ya kawaida siku ya kwanza, asilimia 60 ya pili, 80 ya tatu, na ya nne yote.